Hijabu ya thieta na mikono ya nguo ya kutupa: ipi inafaa?

Hospitali ya Royal Derby, Uingereza, ilianza kuweka hijabu za kutupa, yaani za kuvaliwa mara moja, katika thieta (chumba cha upasuaji) Desemba 2019. Wazo alilitoa daktari Farah Roslan, aliyezaliwa Malaysia, ambaye awali aliombwa atoke thieta kwa sababu ya mtandio aliokuwa ameshinda nao. Hofu ya maambukizi ilikuwa ya kweli. Kosa ni kumtoa mtu badala ya kumpa kitambaa safi.

Na kosa hilo lina gharama. Uchunguzi wa wanawake Waislamu 84 wa fani ya tiba nchini humo, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa kati ya waliojibu, 51.5% walipata taabu kuvaa mtandio thieta, 37.1% waliingiwa na wasiwasi na 36.5% walihisi kuonewa. Mtu wa hivyo hashiki kisu roho ikiwa imetulia.

Hijabu yenyewe ni nzuri, ila ivaliwe sawasawa. Pindo lote lichomekwe ndani ya kola ya nguo za thieta, kwani ncha inayoning'inia ndiyo inayogusa eneo safi la upasuaji. Barakoa ya kamba ndefu ifungwe juu ya hijabu, nyuma ya kichwa. Ile ya mpira wa masikioni haina pa kushika na itateleza. Ukivaa barakoa ya FFP3, ile ya kubana usoni inayochuja hewa, hakikisha kitambaa hakikai kati yake na ngozi, hata kwa upana wa kucha, maana hewa itapenya hapohapo. Hijabu ikilowa au kuchafuka, itupe. Anayetumia mtandio wake aufue kwa nyuzi 60 kwa dakika 10.

Mikono ya kutupa, yaani vifuniko vya mkono kwa wanaotaka kujifunika kwa ajili ya dini, yenye mpira kiwikoni na kwenye kifundo cha mkono, imeruhusiwa na mwongozo wa sare wa 2020 wa NHS England (huduma ya afya ya umma ya huko), kwa sharti itumike kama glovu: nawa, vaa, hudumia mgonjwa mmoja, vua, tupa, nawa tena hadi kwenye vifundo vya mikono. Hapa hatuisifii sana. Mpira ukilegea mkono unashuka, mvaaji anaupandisha kwa glovu chafu, na faida yote imeishia hapo. Ya plastiki hutoa jasho. Tena wengi hawaridhiki na wanachopewa: katika uchunguzi uleule wa 2019, 74.1% ya waliojibu hawakufurahishwa na mbadala wa kufunika mikono uliotolewa na hospitali yao. Sanduku la mikono hiyo likae ukutani, pembeni ya glovu. Likifungiwa stoo, muuguzi mwenye wagonjwa wanne hatakwenda kutafuta ufunguo.