Seti ya vifaa vya fundi saa anayeanza: uzoefu wangu kwenye Seiko 5 ya zamani

Nimeitumia seti hii kufungua na kuhudumia Seiko 5 yenye mashine ya 7009A, vito 17 (vijiwe vigumu ambamo ncha za mihimili huzungukia), ile inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono. Anayeanza namshauri aanze na mashine hiyo hiyo: ni imara, na saa mbovu za kung'olea vipuri hazisumbui kupatikana. Tazama mfuniko wa nyuma, tarakimu nne za mwanzo ndizo namba ya mashine. Jihadhari na zilizopakwa uso rangi upya. Uso uliochujuka ni afadhali kuliko uliopakwa.

Kifungulio cha mfuniko ni kizuri, na kishikio cha mashine kinatosha. Tatizo ni bisibisi. Chuma chake ni laini, ncha inapinda kwenye skrubu ya kwanza iliyokaza, kisha inateleza. Ikiteleza juu ya balansi, gurudumu linaloyumba huku na huku kupima mwendo wa saa, ile springi yake nyembamba kama unywele inavurugika na saa imekwisha. Nunua nne nzuri pembeni, 0.8, 1.0, 1.2 na 1.6 mm, na hakikisha ncha inajaza mfereji wa skrubu. Vibano navyo havikutani ncha. Tafuta namba 5.

Kabla ya kutoa chochote baada ya rota (kile kizito kinachozunguka kuijaza saa), legeza kamani, springi kuu inayoiendesha: shika skrubu ya katikati ya gurudumu lake kwa bisibisi, sukuma kizuizi pembeni, iachie polepole. Ukifungua daraja, bamba linaloshikilia magurudumu, kamani ikiwa imejaa, meno yanavunjika.

Saa hizi nyingi hazina ubovu mwingine zaidi ya mafuta yaliyokauka. Utayaona kwa lenzi ya 10x, utando wa kahawia umezunguka kito. Petroli ya kujazia kiberiti inautoa, ukimalizia kwa kijiti cha mbao kilichochongwa. Spiriti usiitumie kwenye uma wa paleti, kile kiuma kinachosukuma balansi, wala kwenye balansi yenyewe. Vijiwe vyake vimegandishwa kwa shelaki, aina ya gundi, na spiriti inaiyeyusha.

Pa kwenda taratibu ni Diashock, kile kispringi cha miguu mitatu juu ya kito cha balansi. Hakibanduliwi, kinazungushwa mpaka mguu mmoja ufike penye nafasi. Fanyia kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu kikiruka hukioni tena.

Mafuta ya kwenye seti sikuyatumia, chupa haisemi ni ya aina gani. Nilitumia ya Moebius, chapa ya mafuta ya saa: 9010 kwa vito vya balansi na vya gurudumu la paleti (lile linalosukuma uma), tone lisifike ukingo wa kito. HP 1300 kwa magurudumu ya polepole. 9415 kwenye vijiwe vya paleti. Mihimili ya uma wa paleti iache mikavu. Ukuta wa ndani wa kasha la kamani unataka 8217, maana kamani ikijaa lazima iteleze, lakini isiteleze mapema. Ukiusahau, saa itasimama usiku ukiivua.

Ukipima, inapiga mara 21,600 kwa saa. Ikilala uso juu, balansi iyumbe mpaka nyuzi 220 au zaidi. Ikikimbia dakika nyingi kwa siku, iondoe sumaku kwanza kabla ya kugusa kirekebishi, kile kiwiko cha kuharakisha au kupunguza mwendo.

Nyota 2 kati ya 5, zote za kifungulio na kishikio.