Cal J bustanini nyumbani: uzoefu wangu na mbegu hii ya nyanya

Kwa mwenye kieneo nyuma ya nyumba na anayetaka nyanya za kuungia mboga, Cal J ndiyo mbegu ninayoipendekeza kwanza. Mmea ni mfupi na wa kichaka, tunda lina nyama nyingi na maji kidogo, hivyo rojo linakuwa zito mapema. Ganda ni gumu. Nyanya ikichumwa inapoanza kugeuka rangi hukaa kivulini siku nyingi bila kulegea. Kwa kachumbari ningechagua aina nyingine yenye majimaji.

Kitaluni nasia kwenye mistari iliyoachana sentimita 15, kina sentimita 1, kisha nafunika kwa nyasi kavu. Mbegu zikianza kuchomoza nyasi ziondolewe siku hiyo hiyo, la sivyo miche inarefuka na kuanguka. Ikiwa na majani 4 au 5 nahamisha jioni: sentimita 50 kati ya miche, 75 kati ya mistari, viganja viwili vya samadi iliyooza kila shimo na kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia), kilichochanganywa vizuri na udongo ili kisiunguze mizizi. Baada ya wiki 3 natia kizibo kimoja cha CAN (mbolea ya kukuzia), mbali kidogo na shina. Ukizidisha CAN utapata majani mengi, maua machache.

Wengi huiharibu Cal J kwa kuipogoa. Wanavunja machipukizi yote ya kwapani kama wanavyofanya kwa nyanya ndefu za kwenye kitalu nyumba, halafu wanailaumu mbegu kwamba haizai. Cal J ni aina fupi: kila tawi hufika mahali likakoma kurefuka, na mavuno yako kwenye hayo matawi. Ondoa tu majani ya chini yanayogusa udongo na machipukizi yaliyo chini ya kishada cha kwanza. Kijiti cha mita 1 kinatosha kuinua matunda. Kwa kuwa huiva karibu kwa mkupuo mmoja, sia kidogo kidogo kila baada ya wiki 4 ili jikoni pasikauke.

Udhaifu wake mkubwa bustanini ni kuoza kitako: doa jeusi, kavu, chini ya tunda. Hakuna mdudu wala kuvu hapo. Kalisi, kirutubisho kinachoimarisha tunda, husafiri na maji, na udongo ukikauka kisha ukaloweshwa ghafla haifiki ya kutosha kwenye tunda linalokua. Dawa ni maji ya kipimo kile kile, asubuhi, na matandazo ya sentimita 5.

Cal J inavumilia mnyauko fuzari na mnyauko vetisili, magonjwa ya kuvu wa udongoni, lakini isikudanganye ukadhani inahimili kila mnyauko. Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Michirizi myeupe ikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria: ng'oa na mizizi yake, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula ndani ya majani na matunda, naye anaishambulia sawasawa. Kagua majani kila siku mbili; yenye mabaka meupe yanayopitisha mwanga yachume, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uyaache juani. Wakati wa masika bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani na kuozesha matunda, humaliza bustani kwa siku chache, ndiyo maana napendelea kupanda mvua zikiisha.

Kununua, chukua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe isiyopita. Na kwa kuwa si chotara, unaweza kujiwekea mbegu. Chagua matunda yaliyoiva kabisa kutoka mmea wenye afya, kamulia mbegu kwenye kikombe, ziache zichachuke siku 2 hadi ute utoke, osha, anika kivulini juu ya sahani. Usianike kwenye karatasi, zinagandia. Zikikauka kabisa zitie kwenye chupa yenye kifuniko na uandike mwezi na mwaka.