Podo la mishale mitano la kufunga kwenye upinde: linafaa kwa mshale wa pili?

Podo hili la plastiki, la kufunga ubavuni mwa upinde wa magurudumu, limebuniwa kwa mwindaji wa Marekani anayesaka paa wa mkia mweupe, mwindaji anayekaa juu ya mti asubuhi nzima akingoja nafasi moja. Huku Lubumbashi linafika kupitia Afrika Kusini, basi kwenye bei ya duka ongeza usafiri na ushuru wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kabla ya kulilinganisha na podo la kiunoni. La kulipima ni hili: mshale wa kwanza ukishaondoka, linakupa wa pili upesi na bila kelele?

Upesi, ndiyo, ukijua namna. Shika mshale karibu na manyoya, ubandue kwanza kwenye vidole vya mpira vinavyoushika kwa kuvuta pembeni, halafu ushushe ili chembe, ile ncha yenye makali, itoke kwenye sponji ya kofia inayoifunika. Ukianza kwa kushusha, mpira unalia, na pongo (swala wa vichakani) aliye mita 20 anasikia. Mkono uliozoea unaufikisha mshale kwenye uzi kwa sekunde nane hivi, macho yakiwa bado kwa mnyama. Ukijificha nyuma ya kichuguu, geuza upinde kidogo podo lije upande wako, usije ukapunga mkono hewani.

Kelele ndiyo udhaifu wake. Vidole vimetengenezwa kwa mishale minene ya milimita 7 na zaidi; ile myembamba ya milimita 5 inachezacheza, na kila ukifyatua podo linatikisika kama kopo lenye misumari. Dawa iko kwa fundi kinga (baiskeli) yeyote: kipande cha mpira wa ndani wa tairi, upana wa sentimita 1, kizungushwe ndani ya kila kidole. Kaza na parafujo za kibano, kisha fyatua nyumbani podo likiwa limejaa, mwenzako asikilize akiwa mita 15.

Chembe zisizokunjuka zinakaa vizuri. Zile za kukunjuka, zinazofungua makali zikimpiga mnyama, zina tatizo: joto la Septemba na Oktoba linakausha kipete cha mpira kinachobana makali, kinakatika ndani ya kofia, na mshale unatoka ukiwa tayari umefunguka. Mshale wa namna hiyo hauendi sawa. Kagua vipete kila asubuhi.

Uzito wa podo na mishale yake mitano unakaribia gramu 350, wote upande mmoja. Rekebisha pini za shabaha (za kulengea, kila moja kwa umbali wake) podo likiwa limefungwa, au livue kila ukikaa na urekebishe bila podo. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunakoharibu mshale wa kwanza, halafu watu wanalaumu upepo.

Sasa huo wa pili wenyewe. Mshale unaua kwa kumwaga damu. Mnyama aliyepigwa mapafu yote mawili anakimbia mita 50 au 100, anaanguka. Huyo usimfuatishie mshale mbioni: utamkosa, au utampiga paja. Mara nyingi, basi, jibu sahihi ni mshale ubaki podoni.

Lakini kuna nyakati ambapo kusita ndilo kosa. Akianguka hapo hapo na miguu ya nyuma imekufa, umempiga uti wa mgongo na bado yu hai: mpige kifuani mara moja. Akiruka hatua chache kisha asimame, amejikunja mgongo, huenda ni tumbo. Njia ikiwa wazi, mpe wa pili, hata kama pembe si ile ungeichagua kwa mshale wa kwanza. Ila pima umbali upya. Akihama kutoka mita 20 hadi 35 nawe ukabaki na pini ya 20, mshale unashuka karibu sentimita 30 na kupita chini ya tumbo.

Asipokupa nafasi hiyo, kaa, usome mshale uliopita. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu: ngoja nusu saa. Damu nyekundu ya kiza ni ini: saa tatu au nne. Majimaji ya kijani yenye harufu ni utumbo, na hapo Wamarekani wanangoja nusu siku kwenye baridi yao. Kwa usiku wa Juni hapa Katanga inawezekana. Kwa Oktoba nyama inaoza, na mvua ikikaribia alama za damu zinafutika, kwa hiyo unapunguza muda, unafuata polepole, mshale ukiwa kwenye uzi. Pongo dume aliyejeruhiwa anageuka na pembe. Hapo zile sekunde nane ni nyingi mno.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu imekatwa kwa sababu ya vidole vya mpira, na moja kwa sponji: chembe za makali matatu zinaila haraka, nayo haiuzwi peke yake. Rudisha kila mshale kwenye tundu lake lile lile. Ikianza kumeguka, kata sponji ngumu ya godoro kwa kipimo cha ile ya zamani, uigandishe kwa gundi ya viatu, na uiache usiku mzima harufu itoke kabla ya kuingia porini.