Bringing Up Baby: chui, mfupa uliopotea na kofia ya kusitiri aibu

Filamu ya Bringing Up Baby, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa na kampuni ya RKO mwaka 1938, leo inahesabiwa miongoni mwa vichekesho bora vya Hollywood ya zamani, ingawa ilipotoka haikuleta mapato yaliyotarajiwa. Mwaka huohuo nyota wake, Katharine Hepburn, alitajwa katika orodha ya waigizaji waliodaiwa kuwafukuza watazamaji, naye akalipa ili kujitoa katika mkataba wake na RKO. Mtazamaji wa sasa hana haja ya kubeba kesi hiyo. Anachotaka kujua ni kama dakika 102 za picha isiyo na rangi, ambamo watu huzungumza kana kwamba wako mnadani, bado zinavunja mbavu. Zinavunja, kwa sababu hakuna mhusika hata mmoja anayedhani kwamba anachekesha. Kila mmoja anapigania heshima yake kwa dhati, na ndivyo anavyozidi kuipoteza.

David Huxley, anayeigizwa na Cary Grant, ni mtaalamu wa viumbe wa kale ambaye kwa miaka minne amekuwa akiunganisha mifupa ya brontosauri, aina ya dinosau mkubwa. Amebakiza mfupa mmoja tu, ambao utawasili kesho. Kesho hiyohiyo anaoa, na kabla ya hapo anatakiwa kumpendeza wakili Peabody ili makumbusho yapewe dola milioni 1. Ndipo anapokutana na Susan Vance, binti tajiri anayeigizwa na Hepburn, ambaye anaupiga mpira wake wa gofu, kisha anaondoka na gari lake, na kila mara hana shaka kwamba vyote ni vyake. Mfupa unaotafutwa, mtulinga wa katikati ya mbavu, hakuna mnyama aliyewahi kuwa nao, na chui hawaishi Brazil, ambako kaka yake Susan anasemekana kumpata chui aitwaye Baby. Waandishi hawakujisumbua na sayansi, nao walifanya vyema.

Kipande kinachostahili kurudiwa ni kile cha hotelini usiku. Kinaanza na zeituni: Susan, anayejifunza kwa mhudumu wa baa jinsi ya kuirusha na kuidaka kwa mdomo, anaiacha moja idondoke sakafuni, na David anayeingia na kofia yake ndefu anateleza na kuikalia kofia hiyo. Baada ya mzozo kuhusu mkoba wa mtu mwingine, Susan anamvuta David kwa mkia wa koti, na koti linachanika. Susan anapogeuka kuondoka kwa hasira, David amekwisha kulikanyaga gauni lake, na kitambaa chote cha nyuma kinabaki chini ya kiatu. Susan hajui. Anaendelea kumkaripia, huku David akijaribu kumsitiri kwa kofia ileile iliyokwisha kubonyea, na Susan anamwona kuwa mtu asiye na adabu hata kidogo. Anapopapasa nyuma na kuelewa, sauti inamkauka, kisha anaamuru amfuate mgongoni. Wawili hao wanatoka ukumbini wamegandana, hatua kwa hatua kama askari wa gwaride, mbele ya wateja wote. Hawks anaiacha kamera iwaonyeshe mwili mzima, bila kukatakata, na ndiyo maana mtazamaji anaiona aibu ikitembea kutoka meza hadi mlango.

Mlangoni anatokea Peabody. David anamwambia kwamba atakuwa naye baada ya dakika moja, maneno yaleyale aliyomwambia kwenye uwanja wa gofu alipokuwa amening'inia kwenye gari linaloondoka. Kauli hiyo haina mzaha wowote ndani yake. Ni adabu ya mtu wa ofisini, lakini kila inaporudi hali yake imeharibika zaidi, hadi inatosha kuisikia tu ili ucheke.

Chakula cha jioni kwa shangazi yake Susan kina ucheshi wa utulivu zaidi. David, aliyetambulishwa kwa jina la uongo la Bwana Bone, anaiacha supu yake mara kwa mara ili amfuate mbwa George aliyeufukia ule mfupa, na hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini. Wakati huohuo Meja Applegate, mgeni anayejisifu kwa safari zake za uwindaji, anaiga mlio wa chui kwa ustadi, kisha nje unajibu mlio ambao si wa kuigwa. Mbwa huyo, Skippy, alikuwa ameigiza na Grant mwaka uliotangulia katika The Awful Truth, na hapa tena anamzidi ujanja. Chui naye ni wa kweli, aliyefunzwa kwa jina la Nissa. Hepburn alikuwa tayari kumgusa. Grant alimwogopa, na baadhi ya picha ziliunganishwa kiufundi ili wasikaribiane.

Kasoro ipo. Sehemu ya kituo cha polisi ni ndefu kupita kiasi, na Konstebo Slocum anarudia ujinga uleule mpaka unachosha, ingawa mwisho wake unalipa: Susan anaingia akimburuta kwa kamba chui mwingine, mkali, aliyetoroka, akimkaripia kwa ukaidi kama mtoto mtundu, huku Baby aliye mpole amekwisha kufika kituoni. David anamsukuma yule mkali kwa kiti hadi ndani ya selo, kisha anazirai. Hawks mwenyewe alisema baadaye kwamba kosa la filamu hii ni kutokuwa na mtu hata mmoja wa kawaida. Sikubaliani naye kikamilifu, kwa kuwa Peabody na shangazi wana akili timamu. Wanachokosa ni nafasi ya kumaliza sentensi.

Anayeitafuta achague nakala yenye maandishi chini ya picha, kwa sababu wahusika huzungumza kwa pamoja na nusu ya vichekesho hupotea masikioni. Asiyependa kelele aanze na It Happened One Night ya mwaka 1934, ambayo ni tulivu zaidi, kisha aje hapa. Kwangu mimi ni nyota nne kati ya tano, na iliyokosekana imebaki kwa Konstebo Slocum.