Uzoefu wangu na nyekundu ya kwinakridoni (PV19) katika rangi za maji

Kwa miaka mingi nyekundu niliyoitegemea ilikuwa alizarini, ile ya damu ya mzee ambayo kwenye tyubu huandikwa PR83, yaani namba ya pigmenti, ule unga unaoipa rangi wekundu wake. Niliiacha nikahamia kwinakridoni kwa sababu ya picha moja ya mwanamke aliyejitanda kanga, niliyokuwa nimeitundika sebuleni karibu na dirisha. Pale nilipopaka nzito wekundu ulikuwa bado upo, lakini mashavuni na kwenye pindo la kanga, nilipotandaza rangi nyepesi, palikuwa pamepauka hata karatasi ikaonekana. Iliniuma sana, kwa kuwa uhai wote wa uso ule ulikuwa mashavuni.

Sitaki kuidharau alizarini. Wajerumani Graebe na Liebermann walipoiunda maabara mwaka 1868, waliwapa watu rangi ambayo kwa karne nyingi ilitolewa kwenye mizizi ya mmea. Ila haivumilii mwanga.

Kwinakridoni, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1958, nayo ni ya kutengenezwa kwa kemia, lakini molekuli zake hushikana kwa nguvu ndani ya fuwele, na ndiyo maana jua haliivunji upesi. Molekuli hiyohiyo ikipangika kwa namna moja huwa nyekundu ya waridi, ikipangika kwa namna nyingine huwa zambarau, na zote mbili huuzwa kwa namba PV19. Kwa hiyo tazama pia rangi yenyewe kabla ya kulipa.

Sikuamini maneno matupu. Nilipaka mistari miwili myembamba kwenye karatasi moja, alizarini na kwinakridoni, nikafunika nusu ya kila mmoja kwa kadibodi, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha linalotazama magharibi. Baada ya miezi sita nilibandua kadibodi: alizarini ilikuwa na mpaka dhahiri kati ya nusu mbili, na upande uliopigwa na jua ulibaki kama doa la chai, lakini kwenye kwinakridoni sikuona mpaka wowote.

Kwa kuwa inapitisha mwanga, ninaipaka juu ya manjano iliyokwisha kukauka na kupata chungwa linalong'aa kutoka chini. Ikichanganywa na buluu ya ultramarini hutoa zambarau safi ya mawingu ya magharibi, na kidogo tu ndani ya kahawia huipa ngozi nyeusi joto la midomo na masikio. Nikitaka damu ya mzee, naongeza tone la ftalo, kijani chenye nguvu.

Kasoro yake ni kwamba hung'ang'ania karatasi: ikikauka, hata ukisugua kwa brashi yenye maji haitoki yote, hivyo kosa lifutwe likiwa bado bichi. Pia haifuniki kilicho chini yake. Kwa kazi hiyo natumia nyekundu nyingine, piroli, PR254. Duka moja liliwahi kuniuzia tyubu iliyoandikwa "waridi" tu, bila namba, nayo ilipauka kabla ya mwaka kwisha. Siku hizi tyubu isiyo na namba ya pigmenti nairudisha rafuni.