Interland ya Google: nimecheza na watoto wa la tano na la sita, maoni yangu haya hapa

Nina klabu ya kompyuta shuleni kwetu, watoto kama 30, laptop tatu, projekta ya kuazima na intaneti ni hotspoti ya simu yangu, kwahiyo mwalimu mwenye maabara kamili anaweza akaiona tofauti.

Kwa wasioijua, hii ni gemu ya bure iliyomo kwenye mpango wa Google unaoitwa Be Internet Awesome, ulianza 2017. Inafunguka kwenye brauza, hakuna kujisajili, ina dunia nne na ukimaliza zote unapata cheti. Mpango wenyewe una masomo ya mwalimu pia ila leo naongelea gemu tu.

Tower of Treasure ndo ilibeba darasa. Unakimbizwa na haka (hacker, mwizi wa mtandaoni) huku unakusanya vitu vyako na kutengeneza paswedi ngumu, yani watoto wamesimama juu ya madawati wanapiga kelele kimbia kimbiaaa. Habari za paswedi nimefundisha ubaoni miaka miwili na sijawahi kuona watoto wanabishana wenyewe kwa wenyewe kwanini jina lako na mwaka wa kuzaliwa haifai. Kind Kingdom nayo nzuri, wanajifunza kubloku na kuripoti mtu anayewaonea wenzake. Mindful Mountain, ile ya kuangalia nini umtumie nani, ilipita haraka haikuwagusa sana.

Sasa Reality River. Unavuka mto kwa kujibu maswali, lipi la kweli lipi la utapeli. Tulicheza ya Kiingereza nikawa natafsiri kwa sauti, sawa, tatizo ni kwamba mifano yake inamchukulia mtoto kama mtu mwenye akaunti yake na barua pepe yake, na wangu hawana hata mmoja, wanatumia simu ya mama jioni akirudi. Nikaona macho yanapoa. Nikasimamisha gemu nikaandika ubaoni ile meseji ya matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii". Jamani! Mikono yote juu, huyu bibi yake alitumiwa, huyu mjomba alituma kweli hela ikaenda, na tuliporudi mtoni wakawa wanajibu kabla sijamaliza kutafsiri.

Naipa 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa hilo la simu ya familia, maana kwetu ndo hali halisi na gemu haiigusi kabisa. Wakisema mwambie mtu mzima unayemwamini mimi naongezea namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure, na wote wameiandika nyuma ya daftari.

Ila kuna binti wa la tano aliniuliza, mwalimu, mama hajui kusoma vizuri, mimi ndo namwangalizia salio na namba yake ya siri naijua, je nimekosea? Gemu imeshamwambia paswedi usimpe mtu. Nikamwambia hujakosea, mama anakuamini, na namba hiyo isitoke mdomoni mwako hata kwa shangazi. Lakini mama mwenyewe anahitaji somo lake, na kikao cha wazazi ni Ijumaa, nimeshaomba dakika 20 na laptop naenda nayo.