Pendulamu pacha kwenye skrini: naipa nyota nne

Wiki ya tatu sasa kila jioni nakaa na programu hii ya kuiga pendulamu pacha, na bado sijaichoka.

Haina mambo mengi. Fimbo moja imening'inia chini ya nyingine, kila moja ina gololi nchani. Unaivuta gololi hadi pembe unayotaka, unaachia. Utamu wote uko kwenye kitufe cha kuongeza pendulamu ya pili juu ya ile ya kwanza, yenye tofauti ndogo unayoichagua mwenyewe. Nilianza na nyuzi 120, tofauti ya nyuzi 0.001. Pendulamu nyekundu iliifunika ile ya buluu kabisa, ukaona kama ni moja tu inayocheza. Karibu na sekunde ya nane buluu ikachungulia pembeni, nyembamba kama uzi. Kufumba na kufumbua, moja inapinduka juu, nyingine imerudi kushoto, na hazikupatana tena.

Nikapunguza tofauti mara elfu: 0.000001. Nilitarajia zitakaa pamoja muda mrefu mno. Zikaongeza sekunde chache tu! Kumbe tofauti haikui kwa kujumlishwa, inajizidisha, kwa hiyo kila tarakimu unayoiongeza kwenye vipimo vyako inakupa nyongeza ileile ndogo ya muda. Haya niliyakariri zamani kwenye milinganyo. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alikutana nayo mwaka 1961, alipoiga hali ya hewa kwa kompyuta na kuingiza 0.506 badala ya 0.506127, matokeo yakaachana kabisa na ya awali. Kisa hicho nilikijua, ila sikuwa nimekielewa mpaka nilipoiona ile buluu ikichungulia.

Wala si bahati nasibu. Rudia kwa namba zilezile, mchoro unatoka uleule, kona kwa kona. Na ukianza na nyuzi 5 tu, pendulamu zote mbili zinabembea kwa utulivu bila kuachana. Anayefundisha nadharia ya machafuko, yaani jinsi tofauti ndogo ya mwanzo inavyozaa matokeo tofauti kabisa, angeanzia hapo kwenye nyuzi 5, kisha apandishe pembe kidogo kidogo.

Nyota niliyoibana ni ya hesabu zake. Programu inafunguka ikiwa na njia ya Euler, njia rahisi ya kukadiria mwendo hatua kwa hatua, tena kwa hatua kubwa za muda, halafu grafu ya nishati imefichwa ndani ya mipangilio. Nilipoifungua, msuguano ukiwa sifuri, nishati ilikuwa inapanda, na pendulamu isiyosukumwa na mtu haiwezi kufanya hivyo. Mwanafunzi atajuaje kama anatazama machafuko au makosa ya hesabu yaliyorundikana? Nikachagua Runge-Kutta, njia ya kukadiria iliyo sahihi zaidi, hatua ya sekunde 0.001, mstari wa nishati ukalala. Nikarudia jaribio la pendulamu mbili: bado ziliachana, na bado usahihi wa mara elfu uliongeza sekunde chache tu. Grafu hiyo ingepaswa kuwa mbele ya macho tangu unapofungua.

Tumia kompyuta. Kwenye simu kidole kinaifunika gololi, na pembe huwezi kuipata sawasawa.